Muhula Niliotabasamu

Nyumba za Watumishi, Namba 14,
S.L.P. 417.

3 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini hujambo, na kwamba lile goti linalokusumbua kwa kusimama siku nzima kwenye meza ya kukatia vitambaa limepata nafuu. Mama ameniagiza nikuulize habari za goti kabla ya jambo lingine lolote, nami natii. Umekwenda kupimwa, au bado unajipaka dawa ya kuchua na kujidanganya? Nijibu kwa ndiyo au hapana. Hadithi sitaki.

Sisi huku wazima. Presha ya mama imetulia. Anakula vizuri na analalamika vizuri, na hayo mawili yakienda pamoja huwa sina wasiwasi naye. Wifi yako hajambo, bado yuko pale pale kwenye ofisi ya posta. Binti yetu ameingia darasa la nne na anamuuliza kila mtu anayetutembelea kama ana habari za shangazi yake. Nimemwambia shangazi yake anaandika kurasa nane kila mara, asome mwenyewe.

Najua bahasha hii nene imekushtua. Barua zangu huwa ukurasa mmoja, na uliwahi kuniambia zinafanana na ripoti ya fundi bomba. Hii ni ndefu kwa sababu kuna jambo lilinipata kazini, na mwisho wake unakuhusu wewe. Usiruke kurasa ukakimbilia mwisho. Nakujua.

Kazi yangu unaijua, ila nairudia kwa sababu mama anasema uliwaambia wenzako kwamba kaka yako anafundisha hesabu. Si hesabu hivi hivi. Nafundisha hesabu za dozi kwa wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza: dawa kiasi gani, kwa mgonjwa wa uzito gani, ndani ya maji kiasi gani. Ukisogeza nukta nafasi moja tu, mtoto mmoja anapewa dawa ya watoto kumi. Kwa hiyo mimi sina mzaha na nukta. Mwanafunzi akikosea ubaoni namwambia maneno yale yale ya kila mwaka: "Nukta imehama. Nani ameihamisha?" Basi. Simtukani wala simpandishii sauti. Nangoja ajibu.

Kwa sababu hiyo wamenipa jina la Friji. Kila kundi linaliachia kundi linalofuata, pamoja na madaftari ya zamani.

Sasa, kuna fomu. Wiki ya kumi na tatu ya kila muhula, mwalimu anatolewa nje ya darasa lake mwenyewe kama mtu aliyefumaniwa. Kiongozi wa darasa anagawa fomu, wanafunzi wanatoa alama, moja mpaka tano kwa kila swali, bila kuandika majina. Bahasha inazibwa kwa gundi mbele ya wote na kupelekwa ofisi ya ubora. Mwalimu huyo anasubiri kwenye korido akijifanya anasoma matangazo ya ubaoni. Yale matangazo ya korido yetu nayajua kwa moyo.

Fomu hizo zamani zilikuwa za kutia moyo tu. Siku hizi zina meno. Mkataba wangu wa miaka mitatu ulikuwa unaisha mwezi huu, na kanuni mpya inasema kwamba wastani wa mihula miwili ya mwisho usipofika tatu na nusu, mkataba hauongezwi. Na hakuna rufaa. Nyumba hii ninayokuandikia ni ya chuo, kwa hiyo unaelewa kwamba si mimi peke yangu ambaye ningefungasha. Mama naye angefungasha.

Alama zangu za mihula minne iliyotangulia zilikuwa hizi: mbili nukta tano, mbili nukta nne, mbili nukta sita, mbili nukta tano. Uthabiti wa kupendeza, ukisahau maana yake.

Nilizipitia swali kwa swali, maana nilitaka kujua kosa langu ni lipi. "Mwalimu anafika darasani kwa wakati": mbili nukta tatu. Mdogo wangu, mimi nafika dakika kumi kabla ya kila mtu, mlinzi ndiye ananipa ufunguo! "Maandishi ya ubaoni yanasomeka": mbili nukta nne. Ile hati ya mkono ambayo mama alinichapa mpaka ikanyooka, mbili nukta nne. Lakini lililonishinda kabisa ni swali la mwisho, "Chumba cha darasa kina hewa ya kutosha." Nikapewa mbili nukta moja. Hewa! Chumba Namba Saba kina madirisha manane, na moja tu ndilo limekwama. Mwenzangu tunayemwita Mchekeshaji anafundisha humo humo mara tu mimi nikitoka, darasa lile lile, na hewa yake ilipata nne nukta tano.

Mkuu wa idara aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniambia kwa upole, "Bwana, jaribu hata kuwa na uso." Nikamwambia ninao. Akashusha pumzi.

Basi, Jumamosi moja kabla ya muhula wa kwanza kuanza, niliamka uso umepooza upande wa kulia. Wewe ulielezwa wakati ule kwamba naumwa kidogo. Hilo kidogo ndilo hili. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu wa uso umevimba, nishukuru si kiharusi, na kwamba utarudi wenyewe baada ya miezi mitatu, minne. Akanipa vidonge, na matone ya jicho.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Upande wa kulia ulilegea, kwa hiyo kila nikifungua mdomo kuongea ulivutika kushoto na kupanda juu. Jicho la kulia lilikuwa halifumbi vizuri na lilitoa machozi bila kuniomba ruhusa. Midomo ilikuwa haikutani sawasawa, kwa hiyo ilibidi niongee polepole, neno moja moja, la sivyo maneno yangetoka na mate. Chai nilikunywa kwa mrija. Cheka, nimekuruhusu.

Walimu wenzangu wote walijua. Wanafunzi hawakujua. Wangekuwa wa mwaka wa tatu wangeutambua ugonjwa kabla sijafika mezani, lakini hawa walikuwa na siku tatu chuoni, hawajajua hata choo kiko wapi. Walikuwa wamesikia tu sifa za Friji, wamekaa wamejikunyata. Akaingia mtu anatabasamu.

Wiki ya pili mwanafunzi alinyoosha mkono. Nilidhani anaomba kutoka. Kumbe ana swali. Mihula yote iliyopita nilipouliza "Kuna swali?" darasa lilikaa kimya, nami nikachukua ule ukimya kuwa ni kuelewa. Sasa wakaanza kuuliza, na mimi, unanijua, nikaanza kuhesabu. Kufika wiki ya sita yalikuwa maswali arobaini na mawili. Mengine ya ovyo. Lakini moja lilinifanya nifute mfano niliokuwa nautumia kwa miaka tisa, kwa sababu mwanafunzi aliona mahali unapompoteza mtu na mimi sikuwahi kupaona.

Wiki hiyo ya sita nilirudisha karatasi za jaribio. Darasa lina wanafunzi themanini na sita, na hamsini na mmoja walikuwa wameanguka. Nilikuwa nazigawa kimya, moja moja, kama kawaida yangu, jicho nalo likaanza kazi yake. Nikavua miwani, nikafuta, nikavaa. Likarudia. Nikafuta tena. Nikawaambia, "Hamsini na mmoja wameanguka. Tutarudia sura ya tatu." Msichana mmoja wa mstari wa mbele akaanza kulia na yeye. Nilifikiri anaumwa, nikamwambia aende zahanati.

Baada ya hapo hawakuniita Friji tena. Walikuwa wananiita Tabasamu, wakidhani sisikii.

Wiki ya kumi na tatu nikasimama kwenye korido na matangazo yangu. Majibu yalipotoka yalikuwa nne nukta nne. Nilirudi ofisi ya ubora kuuliza kama wamekosea faili. Hawakukosea. Kufika kwa wakati, nne nukta sita, na mara mbili muhula ule nilichelewa kwa sababu ya kliniki. Maandishi ya ubaoni, nne nukta mbili, nami nilikuwa naandika kwa jicho moja, mistari inapanda na kushuka. Hewa ya Chumba Namba Saba ikafika nne nukta moja. Lile dirisha bado limekwama.

Chini ya fomu kuna nafasi ya maoni. Nakunakilia matatu. "Anaongea taratibu ili tuelewe." "Hata ukikosea anakuangalia kwa tabasamu." Na la tatu: "Tulipoanguka alilia. Sijawahi kuliliwa na mwalimu."

Mkuu wa idara akanipa mkono mbele ya watu. Alitaka nizungumze na walimu wenzangu kwa nusu saa kuhusu mbinu nilizotumia. Nilimwambia mbinu yenyewe ni mshipa uliovimba. Akatazama mlango, akaniambia hilo nisilitangaze sana.

Nilikasirika, Kasuku. Nakuambia wazi kwa sababu usingeweza kuliona usoni. Miaka tisa nafungua mlango kabla mlinzi hajanywa chai, nasahihisha kila karatasi mara mbili, narudisha kwa siku ninayosema, na malipo yake ni mbili nukta tano. Mdomo umekwenda kombo, nne nukta nne! Nilikuwa natembea uani najisemea peke yangu mpaka mama akaniuliza nagombana na nani.

Halafu ikaja mitihani ya mwisho wa muhula. Inasahihishwa na watu wa nje, kwa hiyo hapo hakuna huruma ya mtu. Kundi la mwaka uliopita, lenye idadi karibu sawa na hili, walianguka thelathini na mmoja. Hawa walianguka kumi na tisa. Nikahesabu tena. Kumi na tisa.

Hapo hasira ikakosa pa kukaa. Kama tabasamu lingewapumbaza tu, ningeweza kulidharau nikalala usingizi. Lakini lilikuwa limewafanya waulize, na kuuliza kumewafanya waelewe. Watoto kumi na wawili hivi wamevuka salama kwa sababu ya uso ambao haukuwa wangu.

Likizo ikafika na uso ukapona. Mdomo ulinyooka, jicho likakauka, maneno yakarudi na mwendo wake. Wifi yako alifurahi, mama akatoa shukrani, na mimi nikanywa chai kwa kikombe. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kuogopa.

Somo langu ni la mihula miwili, darasa ni lile lile. Siku ya kwanza ya muhula wa pili niliingia, nikawasalimu, nikageukia ubao. Nilipowageukia tena, Kasuku, nyuso zote zilikuwa zimebadilika. Wiki ile niliulizwa maswali tisa. Iliyofuata, mawili. Wiki ya tatu, hakuna. Na mimi nilikuwa nafanya kila kitu kama zamani, nafika kwa wakati, hati imenyooka, naongea vizuri.

Hesabu ya mkataba unaweza kuifanya mwenyewe. Nikiwa na nne nukta nne mkononi, nilihitaji mbili nukta sita ili wastani ufike tatu na nusu. Mbili nukta sita ndiyo alama ya juu kabisa niliyowahi kupata kwa uso wangu mwenyewe, tena mara moja tu.

Wiki ya kumi, kiongozi wa darasa alikuja ofisini kwangu. Ni kijana mrefu mwenye sauti ya kipaza sauti, wenzake wanamwita Spika. Siku hiyo alinong'ona. Akaniwekea mezani karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na chini yake sahihi themanini na sita. Ilisema hivi: "Sisi wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza tunakuomba radhi kwa kosa tulilokutendea. Hatulijui, lakini tunalijutia."

Nikamuuliza, "Kosa gani?"

"Ndilo tulilotaka kukuuliza, Mwalimu."

Kumbe walikuwa na kikao. Waliunda kamati ya kulitafuta kosa lenyewe. Wanaokula darasani walishutumiwa, wanaochelewa wakashutumiwa, na marafiki wawili wakaacha kusemeshana kwa sababu kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyenisema vibaya mahali. Wiki kumi watu themanini na sita wametubu dhambi ya mshipa wangu kupona.

Nilimwambia nitawajibu wiki inayofuata. Nilipofika nyumbani nikamsimulia wifi yako, naye anapenda mambo yaishe. Akasema, "Zimebaki wiki tatu tu, baba. Tabasamu wiki tatu, wajaze hizo fomu, utie sahihi, halafu nuna mpaka ustaafu." Nikaingia bafuni nikajifungia, nikajaribu mbele ya kioo. Binti yangu aligonga, nikamfungulia nikiwa bado nimelishika lile tabasamu nisilipoteze. Akanitazama. Akaniuliza kama jino linaniuma.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema marehemu baba yetu alikuwa vile vile, na kwamba yeye alikaa naye miaka thelathini akisoma mabega yake kwa sababu usoni hapakuwa na kitu cha kusoma. Ulikuwa unajua hilo? Mimi sikujua.

Nikafikiri juu ya hilo siku kadhaa. Mama alipata miaka thelathini ya kumsoma baba. Wanafunzi wangu wana wiki kumi na tano kwa muhula, na wako nyuma ya madawati, wanaona uso tu. Wanatoa alama kwa wanachokiona. Na ukiogopa mtu, hata hewa unaiona haba. Sikuwaona tena wajinga.

Wiki ya kumi na moja niliingia, sikugusa chaki. Nikawaambia hawajanikosea kitu. Nikawaeleza ugonjwa wote, tangu Jumamosi ile mpaka mrija wa chai. Nikawaambia tabasamu walilolizoea lilikuwa la ugonjwa, upole wa maneno ulikuwa wa ugonjwa, na uso huu wanaouona sasa ndio mzima, nilizaliwa nao, sina mwingine. Wiki mbili kabla ya fomu, Kasuku. Nilikuwa nausikia mkataba wangu ukitoka dirishani, tena lile lililokwama.

Spika aliangalia chini. Yule msichana wa mstari wa mbele alinitazama kama nimemnyang'anya kitu, na kwa kweli nilikuwa nimemnyang'anya.

Kuna mwanafunzi mmoja mtu mzima, wanamwita Mama Wodi kwa sababu alikuwa mhudumu wa hospitali kabla ya kuja kusoma. Alinyoosha mkono, swali la kwanza baada ya wiki nane. Akasimama kabisa.

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza, Mwalimu. Nimefua mashuka ya wodi miaka tisa, uso kama ule nimeuona mara nyingi. Nilinyamaza kwa sababu darasa lilikuwa na raha. Ninachouliza ni kingine. Siku ile ya karatasi, tulipoanguka, ulihuzunika au hukuhuzunika?"

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo, na halina kanuni. Nikaona mkono wangu umeshika ukingo wa meza.

Nikamjibu, "Nilihuzunika. Chozi lilikuwa la ugonjwa. Huzuni ilikuwa yangu."

Akasema, "Basi," akakaa. Kisha akafungua daftari lake, na wengine wakafungua ya kwao.

Tangu siku hiyo niliamua kwamba, kwa kuwa uso haunisaidii, nitasema kwa mdomo. Mwanafunzi akipata hesabu ngumu ubaoni namwambia, "Nimefurahi." Nasema kwa sauti ile ile ninayosemea "Funga mlango," kwa sababu nyingine sina. Mara ya kwanza darasa lililipuka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Wakazidi kucheka. Lakini aliyekuwa ubaoni alirudi mahali pake amenyanyua kichwa. Wakikosea nawaambia, "Nina wasiwasi na nukta hii," na wanajua ni wasiwasi kweli. Maswali yalirudi. Si arobaini, lakini kumi na saba kwa wiki mbili si haba.

Wiki ya kumi na tatu nilisimama korido, na safari hii sikuweza kusoma tangazo hata moja.

Majibu yametoka Jumatano iliyopita: tatu nukta mbili. Wastani tatu nukta nane. Alhamisi nilitia sahihi mkataba wa miaka mingine mitatu, na mama ameshaanza kulalamika kuhusu bomba la jikoni, ishara kwamba amejua hatuhami. Hewa ya Chumba Namba Saba wameipa tatu kamili, katikati ya moja na tano, na nadhani safari hii wamepatia. Nimefurahi, Kasuku. Nimefurahi sana.

Kuna maoni ya mwanafunzi mmoja nimeyanakili nikayaweka ndani ya kitabu changu cha mezani. Sijui ni ya nani, na sitaki kujua. "Mwalimu hatabasamu. Akifurahi anasema, akihuzunika anasema. Sasa tumeshaambiwa."

Sasa nije kwako.

Miaka sita iliyopita, ulipofika huko, barua yako ya kwanza ulimwandikia mama. Macho ya mama unayajua. Mimi ndiye niliyemsomea. Uliandika kwamba siku ya kuondoka kaka alikuaga pale stendi kama mtu anayekabidhi mzigo, akakagua zipu ya begi, akasema "Usisahau ya pembeni," basi. Uliandika kwamba hata hakujali. Nilimsomea mama mstari huo kwa sauti, sikuuruka. Kisha nikaendelea na ukurasa wa pili. Tangu hapo umekuwa ukiniandikia vizuri, lakini najua ulinipa ngapi siku ile.

Nilihuzunika. Nilikagua zipu kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Basi lako lilipoondoka nilibaki nimesimama pale pale lilipokuwa, kwenye mafuta yaliyodondoka chini ya injini, mpaka basi jingine likaja kuchukua nafasi na dereva akanipigia honi nitoke. Sikusikia honi ya kwanza. Jicho langu lilikuwa zima wakati ule, ndiyo maana halikutoa kitu.

Mpe shemeji salamu zangu, na wale mapacha uwaambie mjomba wao anawakumbuka wote wawili, hata yule anayeuma watu. Mama anakusalimu na anarudia habari za goti. Wifi yako anakusalimu, anasema ile nguo uliyomshonea bado inamkaa. Shangazi wa binti yangu asalimiwe na binti yangu, ambaye amesimama hapa nyuma anasoma kila neno. Mungu akulinde, akujalie kazi ya kukaa chini, na safari ya kurudi huku ikipatikana akufikishe salama.

Nimekukumbuka. Usome hilo kwa sauti ya "Funga mlango." Ni kweli vile vile.

Ni mimi kaka yako akupendaye,

Friji